MGENI WA GRAMU TISA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Milima yetu ya Usambara ina wageni wengi. Wako wajao kutazama nyika kutoka mwamba wa Irente, na wako wachuuzi wajao kwa malori kununua kabichi, karoti na mapichi. Lakini wako wageni wengine ambao huja kila mwaka, wala hawapandi barabara ya Mombo na Soni, wala hakuna awapokeaye. Hao ni ndege wa nchi za kaskazini. Katika makala haya nataka kueleza habari za mmoja wao, ambaye ni mdogo kuliko wengi, na ambaye kila mwanafunzi wa shule hii amekwisha pita chini yake mara nyingi bila ya kuinua macho.

1. Jina lake na umbo lake

Wataalamu humwita Phylloscopus trochilus, na Waingereza humwita Willow Warbler. Neno Phylloscopus limetokana na Kigiriki, na maana yake ni mwenye kuchungua majani. Hapa kwetu videge vya namna hii vyote huitwa videge tu. Basi nitamwita Mchungua-majani, kwa kuwa jina hilo lafuata tabia yake. Kutwa nzima kazi yake ni hiyo: huruka toka kijiti hata kijiti, hugeuza kichwa, hutazama chini ya jani, huokota mdudu, kisha huhamia jani jingine.

Urefu wake toka ncha ya mdomo hata ncha ya mkia ni sentimeta 11 au 12. Uzito wake ni gramu 9 hivi, yaani kama sukari ya vijiko viwili vya chai. Mgongo wake ni wa rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Kifua na tumbo ni vyeupe vyenye umanjano kidogo. Na juu ya jicho pana mstari wa rangi hafifu kama unyusi. Mdomo wake ni mwembamba, mdomo wa mla wadudu, si mnene kama wa mla nafaka. Dume na jike wafanana. Wale watokao Siberia huwa na rangi ya kijivu na kahawia zaidi kuliko ndugu zao wa Ulaya.

Msomaji asimchanganye na yule kidege wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Yule ni mwenyeji wetu, hukaa hapa mwaka mzima, na hutembea kwa makundi yenye kelele. Mchungua-majani hana duara jichoni, na mara nyingi huwa peke yake au pamoja na wenzake wachache.

Kumtambua kwa macho ni kazi, maana Ulaya wako ndege wengine wafananao naye sana. Mwaka 1768 kasisi mmoja wa Uingereza, Gilbert White wa kijiji cha Selborne, alieleza katika barua kwamba videge hivi, ambavyo watu walivichanganya, kwa kweli ni aina tatu. Hakuwa na darubini kama za leo. Aliwatenganisha kwanza kwa kusikiliza nyimbo zao. Hili ni fundisho kwetu sisi tusomao Biolojia: sikio nalo ni chombo cha maabara.

2. Niliyoyaona hapa Lushoto

Mwaka jana mwalimu wetu wa Biolojia alimwagiza kila mmoja wetu achague kiumbe kimoja na kukitazama kwa miezi 6, na kuandika tarehe na jambo aliloliona. Mimi nilichagua ndege huyu. Kila Jumamosi baada ya usafi wa mabweni nilikaa nusu saa penye ile miwati iliyo nyuma ya jiko. Haya ni baadhi ya niliyoyaandika daftarini:

Oktoba 14. Vuli haijaanza. Nimesikia sauti nyembamba, "hu-iit", yenye kupanda mwishoni. Nimemwona mmoja.

Novemba 25. Mvua imenyesha siku nne mfululizo. Miwati imechipuka, na juu ya machipukizi pana vidukari vingi. Wamekuja watatu, wala hawapumziki.

Januari 20. Mmoja ana mkia mfupi kuliko kawaida, na bawa lake la kushoto lina pengo. Hapendi kuruka mbali.

Februari 24. Nimeona watatu. Manyoya ya wote ni mapya na safi.

Machi 16. Leo mmoja ameimba. Wimbo wake waanzia juu na kushuka polepole, kama mtu ashukaye ngazi, kisha wafifia.

Aprili 13. Wako wawili tu, wala hawakukaa.

Aprili 20. Hakuna. Na Jumamosi zilizofuata hakuna.

Katika likizo ya Desemba niliwaona pia nyumbani kwetu upande wa Mlalo, katika mipichi ya mzee mmoja jirani. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu." Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Watafuta nini katika mipichi yangu, na matunda bado mabichi?" Nikamwambia, "Namtazama yule kidege, babu." Akakaza macho akatazama. Akasema, "Ah, hao huja na vuli. Sisi tulipokuwa watoto, tukiwaona tulijua wakati wa kupanda umewadia." Nikamwuliza, "Na wakiondoka huenda wapi?" Akasema, "Huenda zao. Ndege hana kwao, mjukuu wangu."

Neno la mzee kuhusu vuli ni sahihi kabisa. Ndege hawa hufuata mvua, kwa maana mvua huleta majani machanga, na majani machanga huleta wadudu. Lakini kuhusu neno lake la mwisho, wataalamu wamekwisha pata jibu jingine. Ndege huyu ana kwao, tena kuwili.

3. Kwao kaskazini

Mchungua-majani huzaliwa katika nchi za baridi: Uingereza, Norwei, Uswidi, Ufini, Urusi, na kuendelea mashariki katika Siberia yote mpaka karibu na mwisho wa bara la Asia. Madume hutangulia kufika, mwezi wa Aprili au Mei kwa kadiri ya nchi, na kila mmoja hujitwalia kipande chake cha msitu na kukitangaza kwa wimbo. Majike hufuata baadaye.

Jike hujenga kiota chini penye nyasi, si juu mtini. Kiota kina paa kama kibanda na mlango ubavuni, na ndani hutandikwa manyoya. Hutaga mayai 4 hadi 8, meupe yenye madoa mekundu-mekundu. Jike peke yake huatamia kwa muda wa siku 13 hivi. Makinda yakiisha anguliwa, baba na mama wote wawili huyalisha viwavi na wadudu wengine, na baada ya majuma mawili hivi makinda hutoka kiotani.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini ndege huyu asikae Usambara mwaka mzima, kwa kuwa sisi hatuna theluji? Jibu ni urefu wa mchana. Hapa Lushoto, karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta, mchana ni saa 12 hivi mwaka wote. Katika mji wa Anadyr, mashariki ya mbali ya Urusi, mchana wa mwezi wa Juni ni zaidi ya saa 20. Mzazi mwenye saa 20 za mwanga aweza kulisha vinywa vingi kuliko mwenye saa 12. Tena wakati huo wadudu wa kaskazini hutokea kwa wingi wa ajabu, na wenyeji wa kuwagombania ni wachache, kwa sababu wakati wa baridi huwaondoa wengi.

Jambo hili limepata kuchunguzwa katika wilaya jirani. Bwana Reginald Moreau, Mwingereza, alifika mwaka 1928 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara Mashariki, naye akakaa huko mpaka mwaka 1946. Kazi yake ilikuwa ya hesabu za fedha, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Miongoni mwa waliofanya kazi pamoja naye alikuwa Salimu Asmani, mtu hodari wa kutafuta na kutazama viota. Mwaka 1944 Moreau alichapisha maandiko yaliyolinganisha hesabu ya mayai ya ndege wa Afrika na ya ndege wa nchi nyingine. Kwa jumla ndege wa nchi za joto hutaga mayai machache, mara nyingi 2 au 3, na wale wa kaskazini hutaga zaidi. Basi kaskazini kuna faida kubwa ya kulea, lakini kwa miezi michache tu. Baridi ikija wadudu hutoweka, na mla wadudu asiyeondoka hufa.

4. Safari

Ndege hawa wote hawafuati njia moja. Katika Uswidi kuna mpaka ambao mtu hauoni kwa macho. Wachungua-majani wazaliwao kusini ya nchi ile huelekea kusini-magharibi, huvuka Hispania, nao hufika Afrika ya Magharibi. Wale wa kaskazini ya nchi ile ile huelekea kusini-mashariki, nao huja Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Wa Urusi na Siberia nao huja upande wetu. Kwa hiyo yule niliyemwona nyuma ya jiko huenda ametoka Ufini au Siberia, lakini si rahisi awe ametoka Uingereza.

Husafiri usiku. Usiku hewa ni baridi na tulivu, mwewe na kozi wamelala, na mchana hubaki kwa kutafuta chakula. Mwendo wake ni kilomita 40 hivi kwa saa, pasipo upepo wa kumsaidia wala wa kumzuia. Tufanye hesabu. Safari ya kilomita 13,000 kwa mwendo huo ni saa 325. Kama angeruka saa 10 kila usiku bila kupumzika hata siku moja, angetumia usiku 32 au 33. Kwa kweli hutumia muda mrefu zaidi, maana hukaa siku nyingi njiani akila na kunenepa.

Kunenepa huko ndiko kuwekako uhai wake. Jangwa la Sahara lina upana wa kilomita 1,500 na zaidi, na ndani yake hakuna miti ya kuchungua. Kabla ya kulivuka, ndege hula mchana kutwa na kuweka mafuta chini ya ngozi. Sisi tuliosoma habari za chakula twajua kwamba gramu moja ya mafuta hutoa kalori kubwa 9, na gramu moja ya wanga hutoa 4 tu. Kwa msafiri ambaye kila gramu ni mzigo, mafuta ni akiba bora. Tena mafuta yakiunguzwa mwilini hutoa na maji kidogo, na maji jangwani ni jambo la kufa na kupona.

Jambo kubwa kuliko hayo ni kwamba kinda hasafiri na wazazi wake. Amezaliwa mwezi wa Juni, na kabla ya mwaka kwisha yuko Afrika, naye hakuonyeshwa njia na mtu. Wataalamu wamefanya majaribio mengi ili wajue aongozwa na nini. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Franz Sauer aliwaweka ndege wengine wa jamii iliyo karibu na hii katika jumba lenye nyota za kuigiza juu ya dari, akaona kwamba walijielekeza kwa kufuata nyota zile. Katika miaka ya 1960 Wajerumani wengine, miongoni mwao Wolfgang Wiltschko, walionyesha kwamba ndege aweza kuhisi sumaku ya dunia na kuitumia kama dira. Na baadaye ikathibitishwa kwamba mwelekeo wa safari hurithiwa, kama vile rangi ya manyoya irithiwavyo.

5. Twajuaje haya yote?

Msomaji ana haki ya kuuliza hivyo, maana mambo ya ndege wasafirio yalidhaniwa vibaya kwa muda mrefu. Zamani Aristotle, mwanafalsafa wa Wagiriki, aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi. Ushahidi mmoja wa ajabu ulipatikana mwaka 1822 karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani. Aliuawa korongo mweupe ambaye shingo yake ilikuwa imepenywa na mkuki wa Kiafrika, naye alikuwa amerudi nao mpaka Ulaya. Korongo huyo amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Mwaka 1899 mwalimu wa shule huko Denmark, Hans Christian Mortensen wa mji wa Viborg, alianza kuwafunga kwezi pete ndogo za alumini miguuni, zenye namba na anwani. Tangu hapo njia hii imeenea duniani kote. Mbayuwayu mmoja alifungwa pete Uingereza mwezi wa Mei, 1911, na mwezi wa Desemba, 1912, akapatikana Natal, Afrika Kusini. Watu walioshuku walinyamaza.

Karibu na kwetu kuna kituo mashuhuri cha pete, nacho ni Ngulia katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya. Kazi ilianza huko mwaka 1969. Mwezi wa Novemba na Desemba, ukungu ukifunika kilima usiku, ndege wasafirio hupotewa na nyota na kuvutwa na taa za hoteli. Hapo hunaswa kwa nyavu nyembamba, hupimwa, hufungwa pete, kisha huachiliwa. Mchungua-majani ni miongoni mwa wale wanaswao huko kila mwaka. Mtu akisimama Mtae siku isiyo na mawingu, akatazama kaskazini kupita Mkomazi, aelekea upande huo huo watokako.

Chombo kipya zaidi ni kile cha kupima mwanga. Ni kidogo sana, chepesi kuliko gramu moja, nacho hufungwa mgongoni mwa ndege. Ndani mna saa, na chombo huandika wakati wa mapambazuko na wakati wa machweo kila siku. Mwaka ukipita, ndege hunaswa tena mahali pale pale alipofungwa, na maandishi yake husomwa. Hapa Jiografia yetu ya darasani yatumika kabisa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Lushoto ipo karibu na longitudo 38 Mashariki. Basi adhuhuri yetu hutangulia adhuhuri ya Greenwich kwa dakika 152, ambazo ni saa 2 na dakika 32. Chombo kikionyesha adhuhuri ya namna hiyo, ndege yuko katika longitudo ya Lushoto. Latitudo hupatikana kwa urefu wa mchana. Shida ni moja: karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba mchana na usiku hulingana duniani kote, kwa hiyo siku hizo urefu wa mchana hausemi kitu, na hizo ndizo siku ambazo ndege wengi wamo safarini.

Kwa chombo hicho wataalamu waliwafuata madume wachache wa mashariki ya mbali ya Urusi. Taarifa yao ilitoka mwaka 2018. Ndege wale walifika Afrika ya Mashariki baada ya safari ya kilomita 13,000 hivi. Kiumbe cha gramu 10 hufanya safari hiyo kwenda, na baada ya miezi michache huifanya tena kurudi.

6. Manyoya mara mbili kwa mwaka

Sasa nirudie yale niliyoyaandika Januari 20: mkia mfupi na bawa lenye pengo. Yule ndege hakuwa mgonjwa wala hakupigwa jiwe. Alikuwa akibadili manyoya.

Unyoya hauna uhai baada ya kumaliza kuota. Hauwezi kujitengeneza, na hulika kama nguo ya kazi. Ndege wote hubadili manyoya, na walio wengi huyabadili yote mara moja kwa mwaka. Mchungua-majani ni miongoni mwa ndege wachache sana duniani ambao huyabadili yote mara mbili. Mara ya kwanza ni kaskazini, akiisha kulea. Mara ya pili ni huku Afrika, yapata Desemba hata Machi. Kwa hiyo mabawa ambayo humrudisha Siberia ameyaotesha hapa, kwa vidukari na viwavi vya huku. Hili ndilo lililonifanya niseme kwamba ndege huyu ana kwao kuwili. Kule hupewa uhai, na huku hupewa mabawa.

Wakati wa kubadili manyoya ndege huwa dhaifu. Mabawa yana mapengo, kuruka ni kwa shida, na chakula kingi hutumika kuotesha manyoya. Ndiyo maana mwezi wa Januari hukaa chini-chini na kuruka karibu-karibu. Na ndiyo maana huo ni mwezi ambao hupigwa kwa urahisi.

7. Yatupasayo sisi

Ninalo neno juu ya manati, na neno juu ya kuni.

Manati kwanza. Baadhi ya wenzetu wa vidato vya chini huwapiga ndege hawa kwa kushindana shabaha. Hawapigi kwa ajili ya kitoweo, maana nyama ya gramu 9, ukiondoa manyoya na mifupa, haijazi hata kijiko. Ndege apigwaye Februari alikuwa amekwisha kushinda baridi, bahari, jangwa na mwewe, na manyoya yake mapya yalikuwa tayari. Mwezi wa Juni kiota kimoja cha kaskazini kitakosa baba au mama. Kusini ya Uingereza idadi ya ndege hawa imepungua sana katika miongo ya karibuni, na wataalamu huko wachungua kama sababu iko kwao, au njiani, au Afrika wanakokaa. Sisi hatuwezi kutengeneza ya Ulaya, lakini ya nyuma ya mabweni yetu twaweza.

Pili, kuni. Tulitangaziwa paredi kwamba miwati iliyo nyuma ya jiko itakatwa yote. Najua kwamba jiko haliwezi kuwaka kwa maneno, na sisi sote twataka ugali wetu uive. Najua pia kwamba mwati si mti wa asili. Uliletwa kutoka Australia, na maganda yake hutumika kutengenezea ngozi. Kuhifadhi miwati si sawa na kuhifadhi msitu wa Magamba. Yuko ndege aitwaye Sheppardia montana, ambaye duniani kote hupatikana katika misitu ya Usambara Magharibi tu. Huyo miwati haimfai, hutaka msitu wa asili wenye kivuli. Lakini Mchungua-majani hachagui hivyo. Yeye hupenda ukingo wa msitu, bustani, na miti ya mashambani, na kwake miwati ile ni ghala ya chakula.

Kwa hiyo naomba kwa heshima mambo matatu. Kwanza, miti ikatwe kati ya mwezi wa Mei na Septemba, wakati wageni hawako, na kila mti utazamwe kwanza kama hauna kiota cha ndege wenyeji. Pili, ikatwe nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao, ili wakirudi Oktoba wakute mahali pa kula. Tatu, penye shina lililokatwa pandwe miche miwili, na mmoja uwe wa asili, kama mkulo au mti mwingine wa milima hii. Wenzangu 12 wa Kidato cha Nne wamekubali kuchimba mashimo kabla hatujaanza mitihani ya mwisho. Kwa kuwa sisi tutaondoka, twawaomba ndugu zetu wa Kidato cha Pili wakubali kumwagilia miche hiyo wakati wa kiangazi.

Yeyote atakaye kuendelea na daftari langu na aje anione kabla ya likizo. Haihitaji fedha. Yataka penseli, nusu saa kila Jumamosi, na subira. Ndege wa kwanza atazamiwe tangu mwanzo wa Oktoba, naye asikilizwe kabla ya kutafutwa kwa macho.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ndege alaye wadudu hulazimika kuhama kuliko ndege alaye mbegu?

2. Eleza faida mbili za kusafiri usiku.

3. Mji wa Anadyr upo karibu na longitudo 177 Mashariki. Adhuhuri ya huko hutangulia adhuhuri ya Lushoto kwa muda gani?

4. Ndege ana chombo cha kupima mwanga. Kwa nini longitudo yake yaweza kujulikana tarehe 21 Machi, lakini latitudo yake haijulikani?

5. Tazama mti mmoja karibu na bweni lako kwa nusu saa. Andika aina za ndege ulizoziona, kila mmoja alikula nini, na kama ni mwenyeji au mgeni.